Simu za Jumapili

Jumapili jioni ni zamu ya simu. Napiga mbili, ya tatu nikiwa bado na nguvu. Namba ninazo kwenye daftari lililolegea jalada, maana simu nimeshapoteza mara mbili na sasa siiamini. Tulimaliza chuo mwaka 1974, darasa zima watu 26. Namba ambazo sijazikata kwa mstari zimebaki 9.

Kundi la WhatsApp tunalo, lakini limekuwa la dua, misiba na picha za maua kila asubuhi. Mtu akiandika "mimi mzima" hujui kaandika yeye au mjukuu. Kwenye simu, pumzi anayovuta kabla ya kusema "hujambo" inakutosha.

Leo nimempigia mwenzangu wa bwenini. Binti yake ndiye anayepokea.

"Baba mdogo, usipaze sauti. Sema polepole."

Ni kweli. Uzee huanza kula sauti nyembamba, zile za s na f, kwa hiyo mtu anakusikia ila maneno hayashiki. Ukipiga kelele unamwongezea mngurumo tu. Nikasahau, nikamuuliza, "Safari ilikuwaje?"

"Habari nzuri tu!" akajibu kwa furaha.

Basi tukaendelea na habari.

Kisha akaanza kisa cha usiku wa kuamkia mtihani, taa za vyumbani zilipozimwa nasi watatu tukaenda kusomea chini ya taa ya msalani. Nimeshakisikia mwaka huu mara ya tano. Alichokula mchana hakumbuki, lakini rangi ya ndoo tuliyoikalia anayo. Wanaochunguza kumbukumbu wameona hivyo hivyo: wazee wengi hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya umri wao. Anavyosimulia, mimi ndiye niliyesinzia nikaangukia ukuta. Aliyesinzia ni yeye! Zamani nilikuwa nambishia. Siku hizi naanguka mimi, tunacheka.

"Na yule wa tatu," akauliza, "mmeongea?"

Wa tatu nilimkata kwa mstari mwaka juzi. Habari yenyewe nilimpa mimi, na siku ile alilia mpaka binti akachukua simu. Nikashika daftari, nikautazama ule mstari.

"Sijampata bado," nikasema.

"Ukimpata mwambie arudishe kitabu changu cha takwimu."

"Nitamwambia."