John Sell Cotman na Rangi Iliyoachwa Ikauke

Kwa miaka mingi niliamini kwamba uzuri wa rangi za maji unatokana na kuziacha zichuruzike na kuingiliana, hadi nilipoutazama kwa makini mchoro wa John Sell Cotman, mchoraji Mwingereza, wa daraja la mto Greta, kaskazini mwa Uingereza, alioufanya karibu na mwaka 1805, akiwa kijana wa miaka 23 hivi. Mchoro huo, ambao sasa umo katika jumba la makumbusho la British Museum, ni mdogo: sentimita 23 kwa 33 tu. Unaonyesha daraja la mawe lenye tao moja, nyumba kando yake, miti mizito nyuma, na mawe makubwa mtoni yaliyopakwa kana kwamba yamekatwa kwa mkasi.

Kila kipande kina rangi yake tulivu na ukingo wake dhahiri. Aliyewahi kushika brashi anajua ugumu wa jambo hilo. Brashi hujazwa rangi, hupitishwa mara moja, kisha mkono hujizuia mpaka karatasi ikauke kabisa, kwa kuwa ukiigusa rangi ikiwa bado mbichi hubaki doa lisilofutika. Mwanga nao hautokani na rangi nyeupe. Ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Wakati wasanii wengi wa mkondo wa ulimbwende (Romanticism), uliotukuza hisia na nguvu za maumbile, walitafuta dhoruba na vilele vya kutisha, Cotman alipata ukuu katika utulivu, na kwa maoni yangu hakuna aliyemfikia katika hilo.

Alizaliwa Norwich mwaka 1782, mtoto wa kinyozi ambaye baadaye alifanya biashara ya vitambaa. Mwaka 1798 alikwenda London, akapata riziki kwa kutia rangi picha zilizochapishwa, akajifunza nyumbani kwa Daktari Thomas Monro, mpenda sanaa aliyewahi pia kuwakaribisha wachoraji Turner na Girtin walipokuwa vijana. Alizuru Wales, kisha kati ya 1803 na 1805 akaenda Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kila mwaka, na ni safari hizo za Yorkshire zilizozaa kazi ninazozipenda kuliko zote.

Kazi hizo hazikumpa riziki ya kutosha. Mwaka 1806 alirudi Norwich, akajiunga na chama cha wachoraji cha mji huo, akafundisha uchoraji, na hata akaanzisha utaratibu wa kuazimisha michoro yake kwa ada ili wanafunzi wainakili. Mwaka 1812 alihamia Great Yarmouth, ambako mwenye benki mmoja mpenda mambo ya kale, Dawson Turner, alimwajiri awafundishe mkewe na binti zake. Kwa kuhimizwa naye, Cotman alisafiri Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, mara tatu na kutumia miaka mingi akichora majengo ya kale kwenye mabamba ya shaba kwa tindikali. Kitabu chao kuhusu majengo hayo kilitoka mwaka 1822. Ni kazi ya heshima, lakini huniuma kufikiria karatasi ambazo mkono ule ungezijaza katika miaka hiyo. Barua zake zinaonyesha huzuni nzito iliyomrudia mara kwa mara, pamoja na wasiwasi wa fedha.

Mwaka 1834 alipata kazi ya kufundisha uchoraji katika shule ya King's College, London, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Dante Gabriel Rossetti, aliyekuja kuwa mchoraji na mshairi maarufu. Wakati huo alikuwa ameanza kuchanganya rangi na uji mzito wa wanga, ili brashi iache alama zake na rangi ibaki mbichi kwa muda mrefu zaidi, kinyume kabisa na njia ya ujanani.

Majira ya vuli ya 1841 alirudi Norfolk, jimbo lenye mji wa Norwich, kwa mara ya mwisho, akachora kwa chaki nyeusi na nyeupe miti, anga na mashamba yaliyofunikwa na maji ya mafuriko. Aliporejea London alianza mchoro wa rangi za mafuta wa mandhari inayoonekana kutoka nyumba ya baba yake huko Thorpe. Alifariki Julai 1842, na mchoro huo ulikuwa haujakamilika.