Mti wa folda ulipoganda: nilivyomsaka mchawi

Kompyuta yangu haikuwa na shida nyingine. Programu zilifunguka chapchap, faili za gigabaiti kadhaa zilinakiliwa bila kusuasua. Ila nikifungua dirisha la mafaili kwenye Windows, upande wa kulia unajaa mara moja, wa kushoto ambako folda hupangwa kama mti unabaki mweupe, na kile kiduara cha kusubiri kinazunguka weee. Nikibofya kishale cha folda nione zilizomo, dirisha zima linaganda.

Ushauri ulio mwingi kuhusu tatizo hili ni wa kufagia: futa kashe (mafaili ya muda), safisha diski, ongeza RAM (kumbukumbu ya kazi), sakinisha Windows upya. Sikuufuata, maana kompyuta iliyochoka huchoka kote, haichagui kuchoka kwenye mti peke yake. Badala yake nilifungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha nani anatumia mashine kiasi gani, wakati dirisha limeganda, nikatazama prosesa na diski. Vyote vilikuwa karibu na sifuri. Mashine iliyozidiwa na kazi haisomi sifuri. Hii ilikuwa inangoja kitu.

Inangoja nini? Ili kishale kikae mbele ya folda, programu inapaswa kujua kama ndani yake mna folda nyingine, kwa hiyo inachungulia. Folda zikiwa kwenye SSD, diski isiyo na kitu cha kuzunguka, hilo ni jambo la kufumba na kufumbua. Diski ngumu ya kuzunguka ikiwa imelala, lazima iamke kwanza, na sekunde kadhaa zinakwenda hapo. Mbaya zaidi ni folda iliyo kwenye kompyuta nyingine ya mtandao iliyozimwa zamani. Haijibu ndiyo wala hapana, na Windows inabaki inapiga hodi hadi muda wa kungoja uishe. Ni kama mwalimu anayeita majina, akifika kwa mtoto asiyekuwepo anasimama hapohapo na darasa zima linamngoja.

Nikaanza na jaribio lisilo na gharama: nilizima Wi-Fi, nikafungua dirisha upya. Mti ukatokea papo hapo! Nikaiwasha, uzito ukarudi. Kwa hilo tu diski yangu na RAM zilitoka kwenye orodha ya washukiwa.

Kisha kwenye dirisha la amri nikaandika net use, amri inayoorodhesha miunganisho ya folda za mtandao. Ikatoka herufi ya diski Z: iliyoelekezwa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandao ya kuhifadhi mafaili, ambayo haipo tena. Nikaiondoa kwa net use Z: /delete. Nafuu ikaonekana, ila bado palikuwa na kusita fulani kila nilipofungua dirisha.

Hapo nikaleta Process Monitor, programu ya bure katika mkusanyiko wa Sysinternals. Inaandika kila faili inayoguswa, mistari maelfu kwa maelfu, na bila kuchuja utapotea. Nilibakiza explorer.exe pekee, ndiyo programu ya dirisha la mafaili, na njia zinazoanza na mikwaju miwili \\ tu, yaani zinazokwenda mtandaoni. Nikaongeza pia safu ya Duration, yaani muda uliotumika, ambayo mwanzoni huwa imefichwa. Mstari mmoja ukajitokeza: seva ileile, safari hii kwa namba yake ya IP (anwani yake ya mtandao), na matokeo yameandikwa BAD NETWORK PATH, yaani njia ya mtandao ni mbovu, baada ya sekunde nyingi za kungoja. Ilikuwa folda iliyobandikwa kwenye orodha ya haraka juu ya mti. Net use isingeionyesha kwa sababu huorodhesha miunganisho, na hii ilikuwa alama iliyobandikwa tu.

Kuibandua nako kulikuwa na vituko vyake. Nilipobofya kitufe cha kulia cha mausi juu yake, menyu yenyewe iligoma kufunguka, maana nayo ilienda kwanza kuiuliza seva. Nikazima Wi-Fi tena, menyu ikaja, nikabandua.

Kwa wenye diski ya nje: ichomoe kisha ufungue dirisha. Mti ukiwa mwepesi, mchawi wako ni diski hiyo, si mtandao.

Baada ya hapo mti hunitokea kabla sijanyanyua kidole kwenye mausi. Folda moja tu ya picha bado ilichelewa, ila upande wa kulia, na hilo ni jambo jingine: niliingia kwenye sifa zake nikaibadilisha kutoka aina ya picha kuwa ya vitu vya kawaida, nayo ikaacha kupekua kila faili kabla ya kuonyesha majina.