Kibali cha ujenzi cha kaunti kilivyokwama kwa namba ya shamba

Hatimaye kibali kimetoka. Naandika kwa anayejenga kijijini, kwenye shamba la familia lililogawanywa. Ramani yangu ya nyumba ilikuwa ikirudishwa na ofisi ya mipango ya kaunti na maneno yaleyale: maelezo ya kiwanja hayalingani. Nikapeleka nakala mpya ya hati miliki, nikamaliza kodi ya ardhi, nikahamisha hata choo kwenye mchoro. Wapi!

Kilichosaidia ni kuanzia ofisi ya ardhi. Nilifanya sachi rasmi, yaani kuomba taarifa ya kiwanja ilivyo kwenye rejista ya ardhi, nikanunua na nakala ya ramani ya upimaji ya eneo letu. Hapa Kenya shamba likigawanywa, namba ya zamani hufungwa na kila kipande hupewa yake. Hati ilikuwa na namba mpya. Ramani ya nyumba, kwenye kile kisanduku kidogo cha pembeni chenye jina la mwenye mali, bado ilibeba ile ya shamba zima la babu. Msanifu akairekebisha kwenye kila ukurasa, mhandisi naye kwenye michoro yake ya nondo (hiyo ndiyo husahaulika), wote wakapiga mihuri upya. Nikawasilisha kwa pamoja, sachi ikiwa juu. Zikapita.