Shangazi Mbele ya Comtesse

Majira ya baridi fulani, kabla jumba la makumbusho la Frick la New York halijafungwa kwa ukarabati mwaka 2020, nilimpeleka huko shangazi yangu aliyekuja kunitembelea. Ni fundi cherehani wa Tanga, na mambo ya picha hayamshughulishi. Alikubali kwa sababu nilimwambia ndani kuna joto. Hata picha za Rembrandt, yule mchoraji mashuhuri wa Uholanzi, hazikumgeuza shingo. Alipofika kwenye picha ya Louise de Broglie, Comtesse d'Haussonville (comtesse ni cheo cha bibi wa kikabaila Ufaransa), aliyechorwa na Mfaransa Ingres, akaganda.

"Tazama hariri hiyo, mwanangu. Mikunjo ilivyolala! Mchoraji huyu amekaa na mafundi."

Gauni la buluu iliyopauka, utepe mwekundu nyweleni, kidole kidevuni, na nyuma yake kioo kinachoonyesha kisogo. Shangazi akasogea mpaka mlinzi akakohoa.

"Lakini huu mkono wa kulia umetokea wapi? Bega silioni. Umeota ubavuni!"

Nilicheka kwa sauti. Wajuzi wa sanaa wamelisema hilohilo miaka na miaka, ila kwa maneno mengi zaidi.

Nikamwambia kwamba bibi huyu ni mjukuu wa Germaine de Staël, mwandishi aliyefukuzwa Paris na Napoleon, na kwamba baadaye naye alishika kalamu. Mwaka 1858 alitoa kitabu juu ya Robert Emmet, Mwairishi aliyenyongwa 1803 kwa kuwaasi Waingereza. Kisha akaandika juu ya Byron, mshairi wa Kiingereza. Jina lake hakuliweka. Kitabu juu ya Byron kilitajwa tu kuwa ni cha mwandishi wa "Robert Emmet".

Shangazi akakagua rafu iliyo nyuma ya bibi: maua, kadi za wageni, darubini ndogo ya kutazamia opera.

"Na kalamu?"

Picha ilimalizika 1845, nikamjibu, vitabu vilikuwa bado. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi siridhiki: gauni lake linajulikana dunia nzima, vitabu vyake nani anavifungua?

"Alichorwa muda gani?"

"Tangu 1842. Katikati akajifungua mtoto."

"Miaka mitatu, gauni moja! Mteja wangu angeshaninyang'anya kitambaa. Na muda wote huo fundi hakumuuliza anasoma nini?"

Halafu akataka kujua kama humo ndani wanauza chai. Hawakuwa wakiuza.