Sare 64 hadi Kilindoni

Saa 9:30 usiku. Simu imelia nikiwa bado macho, maana shati la mwisho nimemaliza kulipiga pasi saa 6. Mimi ni fundi cherehani wa Mbagala. Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, napeleka sare Kilindoni, mji mkuu wa Kisiwa cha Mafia. Leo nina viroba viwili, sare 64, na shilingi 40,000 nilizotenga za njiani. Kwa ndege ningefika chini ya saa moja, lakini nauli yake ingemeza faida yote.

Saa 10:30 alfajiri. Stendi ya Rangi Tatu imechangamka. Patana bei ya mzigo kabla haujaingia kwenye buti. Ukishaingia, konda ndiye mwenye bei. Nimelipa na kupata kiti cha dirishani.

Saa 12. Mkuranga, kisha Kimanzichana. Nimelala.

Saa 2 asubuhi. Tumefika Bungu. Hapa tunaiacha barabara ya Kilwa na kukata kushoto kuelekea baharini. Msichana niliyekaa naye anauliza kama kule atagongewa muhuri kama Zanzibar. Nimemwambia, “Hapana mdogo wangu, Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, kama hapa hapa tulipo.” Watu wengi sana hawalijui hilo.

Saa 3:30. Bandari ya Nyamisati. Kwanza tiketi, halafu chapati mbili na maharage. Jana niliwapigia bandarini kuulizia saa, na kila anayepita njia hii nampa ushauri huo huo. Huku maji ndiyo yanayopanga safari. Yakitoka, mkondo wa kutokea kwenye delta, pale Mto Rufiji unapogawanyika kuingia baharini, unapungua kina, na chombo kikubwa hakipiti. Kujaa kwenyewe huchelewa karibu dakika 50 kila siku kuliko jana yake, basi saa ya safari ya wiki iliyopita haikusaidii leo. Asiyeuliza hulala bandarini, na ile hela aliyobana kwenye nauli inaishia kwenye chumba.

Saa 5. Tunapanda MV Kilindoni, kivuko cha Serikali. Naangalia majaketi ya kuokolea yalipo kabla ya kutafuta pa kukaa. Nina sababu. Miaka ya nyuma, wakati wa upepo wa kusi, nilipanda boti moja ya mbao hapa hapa. Ilijazwa hadi abiria wakakalia magunia, na jaketi nilipouliza nikaambiwa hayatoshi. Nilishusha viroba vyangu. Nauli sikurudishiwa, na siku ya soko ikanipita. Boti ile ilifika salama. Hata hivyo, ningeshuka tena leo. Nabana hela kwenye chakula, kwenye bodaboda, kwenye malazi. Kwenye maji sibani.

Saa 6 mchana. Mikoko huku na huku, kimya kizuri. Mzee mmoja anawasimulia vijana kwamba humu kwenye delta ya Rufiji ndimo ilimojificha manowari ya Wajerumani, Königsberg, ikazamishwa mwaka 1915, na kwamba ndege za Waingereza zilizoitafuta ziliruka kutoka Mafia. Nimeipenda sauti yake. Kisha mikoko ikaisha, bahari ikafunguka, na upepo wa kaskazi ukaanza kutupiga. Wawili watatu wametapika. Mimi huwa natafuna tangawizi na kuangalia mbali.

Saa 9 alasiri. Kilindoni inaonekana, minazi kwanza. Pembeni kuna boti ndogo za watalii zimekusanyika. Huu ni msimu wa papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, na baharia anasema bila shaka yuko mmoja pale chini. Tunashukia kwenye gati. Zamani tulishuka majini, maji magotini, viroba kichwani.

Saa 10. Toroli hadi dukani kwa mama ninayempelekea sare. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, pole na safari. Wazazi wamekuja kuuliza tangu asubuhi.” Kabla sijakaa, sare tisa zimeondoka.

Saa 2 usiku. Nalala kwa mama huyo wa dukani, kama kila mwaka. Namletea kitambaa cha gauni, naye ananipa wali wa nazi na samaki. Katika zile 40,000 nimebakiwa na 9,500. Sketi mbili zimerudishwa, ni ndefu, na wenyewe wanazitaka kesho asubuhi. Nimeomba taa, nafumua pindo la kwanza.