Siku moja maishani mwangu: mimi na skana ya meno isiyo na waya

Saa 1:15 asubuhi

Nafika kliniki kabla ya Dokta, kabla hata ya dada wa mapokezi. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno hapa Sinza, Dar es Salaam, na kitu cha kwanza ninachogusa baada ya kunawa mikono ni betri za skana, kifaa cha mkononi kinachochukua picha za umbo la meno kinywani na kuzituma kwenye kompyuta. Tunazo tatu. Nazilaza moja moja juu ya meza ya kioo na kuzibonyeza pembeni kwa kidole. Betri nzima hutulia kama kigae. Leo ya pili inacheza. Ni mchezo mdogo, hauzidi unene wa karatasi, lakini maana yake tumbo limeanza kuvimba.

Hapo sina mjadala na mtu. Betri ya lithiamu ikivimba ina gesi ndani. Haichajiwi tena, haitobolewi, wala haishindiliwi irudi kwenye mpini wa skana. Nabandika utepe kwenye midomo yake ya chuma, naitia kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, kisha kopo naliweka nje kivulini, mbali na mtungi wa oksijeni na makaratasi. Leo tutafanya kazi na betri mbili.

Skana yetu ya zamani ilikuwa na waya, na tuliulalamikia kutwa: unajikunja, unaburuzika kifuani mwa mgonjwa, unanasa kwenye kiti. Kumbe ulikuwa unatufanyia mengi kimyakimya. Kifaa kikiponyoka, waya ulikidaka. Hakikuweza kuhama chumba. Umeme ulitoka ukutani, na picha zilikwenda kwenye kompyuta moja tu. Sasa waya umeondoka, na kazi hizo zote zimebaki mikononi mwetu.

Saa 2:00

Ncha za skana. Hii ndiyo sehemu inayoingia kinywani, yenye kioo kidogo mwishoni. Inagusa mate, wakati mwingine na damu, kwa hiyo kuifuta na spiriti hakutoshi. Naiosha kwa sabuni laini na brashi ya nywele laini, naisuuza, halafu kioo nakikausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Tone moja la maji likikaukia pale huacha doa jeupe kama chumvi, na doa hilo Dokta atakuja kuliona kwenye skrini kama tundu kwenye jino la mtu. Ikishakauka inaingia kwenye mfuko wa kutakasia, kisha otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wa moto, nyuzi 134.

Kila ncha ina idadi ya safari za otoklevu iliyowekwa na mtengenezaji. Zetu ni mara 100. Naandika kila safari kwenye daftari, kwa sababu kioo huchoka polepole na macho yetu hayaoni siku kinapoanza kudanganya.

Mpini wenyewe hauingii otoklevu na hauchovywi majini, maana mna betri na saketi. Naufuta kwa kitambaa chenye dawa. Siupulizii dawa moja kwa moja, kwani matone hupenya kwenye mianya. Kisha nauacha ubaki na unyevu kwa muda ulioandikwa kwenye kopo la dawa. Huo muda ndio watu wengi wanauruka kwa haraka ya kazi, na ndio unaoua vijidudu.

Saa 3:30

Mgonjwa wa kwanza ni mama wa kuwekewa kofia ya jino. Nakausha meno kwa hewa, Dokta anapita juu ya meno, upande wa ulimi, upande wa shavu, halafu anamwambia aume. Dakika chache tumemaliza. Kamba ya mpini ilikuwa kwenye kiganja cha Dokta muda wote. Skana haiwekwi juu ya kifua cha mgonjwa hata kwa sekunde moja. Ina kitanda chake, na huko ndiko inakorudi.

Saa 5:00

Anaingia mzee wa miaka sabini na kitu, anataka meno ya bandia ya juu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Fomu yake imejazwa vizuri: sukari hana, presha anayo, anakunywa dawa. Lakini nina swali ambalo siliachii fomu, nauliza kwa mdomo wangu.

"Mzee wangu, kuna kifaa chochote umewekewa mwilini? Cha moyo, au cha masikio?"

Akanyamaza kidogo. Akafungua vifungo viwili vya shati. Chini ya mtulinga wa kushoto, ngozi ilikuwa imeinuka, umbo la kiberiti kidogo, na kovu jembamba juu yake. "Hiki cha mapigo ya moyo? Nilidhani mnauliza ya meno tu."

Mwongozo wa skana yetu unatahadharisha kuhusu watu wenye vifaa hivyo, kwa sababu mpini unarusha mawimbi ya redio. Hata simu ya mkononi, ushauri unaotolewa ni kuiweka angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa cha moyo. Sasa fikiria meno ya nyuma ya juu: ili ncha iyafikie, mkono wa daktari unashuka na mpini unaning'inia karibu kabisa na kifua. Nilimwita Dokta pembeni, akaamua papo hapo: tunapima kwa sinia na unga wa kupimia meno, unaokorogwa na maji ukaganda kinywani, kama zamani. Mzee alilalamikia ladha. Nilimshika bega mpaka unga ukaganda.

Swali jingine la mdomo ni kifafa, maana mwanga wa skana humetameta. Na kila mgonjwa namwomba afumbe macho, nami pia siutazami ule mwanga.

Saa 7:20 mchana

Umeme ukakatika. Dokta alikuwa katikati ya kupima, na hapo betri ikaonyesha faida yake: skana na laptopu ziliendelea, mgonjwa hata hakujua. Lakini otoklevu ilizimika katikati ya mzunguko.

Umeme uliporudi, mwanafunzi wetu wa mazoezi akafungua mlango na kutoa mifuko. "Dada, mbona alama imeshabadilika rangi? Si tayari hizi?"

Nilimkalisha chini. Alama ile ya nje inasema mfuko umekutana na joto, haisemi umekaa kwenye joto kwa muda unaotakiwa. Mzunguko haukuisha, kwa hiyo hakuna kilichotakasika. Tukafungua yote, tukaweka kwenye mifuko mipya, tukaanza upya. Wagonjwa wawili walisubiri karibu saa nzima. Niliwaomba radhi nikawaeleza sababu, na mmoja akasema, "Bora hivyo, dada."

Saa 9:00

Kijana wa mapokezi anakuja kuomba nywila ya waifai, wageni wanaitaka. Nampa ile ya wageni. Ya skana na laptopu ni nyingine, na haibandikwi ukutani.

Saa 11:00 jioni

Natuma mafaili maabara kwa fundi wa meno. Zamani kwenye kliniki niliyofanyia kazi, picha za vinywa zilisambaa kwa simu za wafanyakazi zikiwa na majina kamili ya watu, na mama mmoja alikuja kuona meno yake kwenye simu ya jirani. Sijasahau uso wake. Kwa hiyo hapa faili linakwenda na namba tu, kupitia njia moja, na halipiti kwenye simu ya mtu. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika, na umbo la kinywa cha mtu likiwa na jina lake ni taarifa ya afya yake.

Saa 12:10

Betri mbili zilizobaki zimeshajaa. Nazitoa kwenye chaja na kuichomoa chaja ukutani, maana hakuna betri inayolala ikichajiwa kwenye jengo lisilo na mtu. Naingiza skana kabatini. Kwenye daftari naandika: *Betri namba 2 imetolewa, wakala aichukue kesho.* Kisha naenda nje kuligusa lile kopo la bati. Ni la baridi. Nafunga mlango.