Tukiiombea Gaza, Tunamwombea Nani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimelemewa moyoni. Jumatano kwenye jumuiya tulikuwa tukiombea mataifa, na mwenye zamu alipotaja Gaza, chumba kizima kikapoa. Mzee mmoja akasema hilo tuliache, ni mambo ya unabii. Kijana mmoja akamjibu kwa ukali kidogo. Ndipo mama mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akauliza, "Jamani, tukiiombea Gaza tunamwombea nani hasa?" Hakuna aliyemjibu. Tukaimba pambio, tukahamia nchi nyingine. Swali lile nimelala nalo na kuamka nalo.

Jina lenyewe tunalijua tangu shule ya Jumapili. Gaza ndipo Samsoni alipong'oa milango ya lango la mji akaibeba mabegani, na ndipo baadaye alipopelekwa akiwa kipofu, akasaga ngano gerezani. Njia ya kwenda Gaza, "nayo ni jangwa", ndiyo Filipo aliyoambiwa aishike, akamkuta yule towashi Mkushi ameketi garini mwake akisoma Isaya. Wengi wetu tunaishia hapo, kana kwamba baada ya Matendo 8 mji ule ulifutwa duniani. Haukufutwa. Watu waliendelea kuzaliwa pale, kuoa, kuvua na kulima hadi leo.

Ukanda wa Gaza ni kipande cha pwani ya Bahari ya Mediterania, urefu wake kama kilomita 41, upana kati ya 6 na 12. Kaskazini na mashariki ni Israeli, kusini ni Misri. Eneo lote ni kilomita za mraba 365, karibu robo tu ya kisiwa cha Unguja. Lakini kabla ya vita iliyoanza Oktoba 2023 waliishi humo watu zaidi ya milioni 2, wengi kuliko wa Unguja na Pemba wakijumlishwa, na karibu nusu yao ni watoto. Mtu mwenye miguu mizuri akitoka Beit Hanoun alfajiri, akapita Gaza mjini, Deir al-Balah na Khan Younis, angeweza kuingia Rafah usiku wa siku hiyohiyo.

Mpaka wake na Israeli haukuwekwa na mto wala mlima. Ulitokana na mkataba wa kusitisha mapigano kati ya Misri na Israeli mwaka 1949. Waliojikuta ndani yake wengi walikuwa wametoka kukimbia makwao: Yafa tunayoisoma katika habari za Petro, Ashkeloni, Beer-sheba ya Ibrahimu. Karibu watu saba kati ya kumi wa Gaza ni wakimbizi wale na uzao wao, na kambi walizopewa za mahema, kama Jabalia na Nuseirat, ziligeuka mitaa ya zege ambamo wajukuu wamezaliwa wakiitwa wakimbizi. Misri iliitawala Gaza hadi 1967, Israeli ikaitwaa mwaka huo, ikaondoa walowezi na askari wake 2005, Hamas, kundi la Wapalestina lenye silaha, wakaishika 2007, na tangu hapo Israeli na Misri zikaibana mipaka. Umoja wa Mataifa bado unaihesabu kuwa eneo linalokaliwa kimabavu na Israeli, Israeli inakataa. Mabishano hayo nawaachia wengine. Mimi nataka tujue nani anaamka asubuhi pale na anakula nini.

Anaamka mvuvi. Mikataba ya Oslo, ya Israeli na Wapalestina miaka ya 1990, ilimpa maili 20 za baharini, lakini mara nyingi alizuiwa kwenye maili 6, wakati mwingine 3, ambako samaki ni wachache na wadogo. Petro na Andrea wangemwelewa upesi. Anaamka mkulima wa Beit Lahia ambaye stroberi zake zilikuwa zikisifiwa, na mwenye mitende wa Deir al-Balah. Anaamka fundi cherehani, na baba aliyewahi kuvuka kwenda kufanya vibarua Israeli mpaka kibali kilipokoma. Kabla hata ya vita hii karibu nusu ya wanaotafuta kazi hawakuipata, na familia nyingi ziliishi kwa unga na mafuta ya msaada. Maji ya visima vyao yameingiliwa na chumvi ya bahari na maji machafu, hata karibu yote hayafai kunywewa. Mama wa Gaza hununua maji ya kunywa hali anaishi hatua chache kutoka kisimani. Kisha Agosti 2025 wataalamu wanaoungwa mkono na Umoja wa Mataifa walithibitisha kwamba eneo la Gaza mjini limefikia baa la njaa.

Sasa nisikilizeni hapa, wapendwa, maana hapa ndipo nilipoguswa. Humo ndani wamo ndugu zetu. Wachache sana, kama elfu moja hivi kabla ya vita, lakini kanisa lao ni la kale kuliko makanisa mengi tunayoyatukuza. Ilarioni, mmoja wa watawa wa kwanza wa nchi ile, alizaliwa karibu na Gaza karne ya tatu, na magofu ya monasteri yenye jina lake UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Lipo Kanisa la Mtakatifu Porfirio la Waorthodoksi. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 2023 jengo la eneo lake lilipigwa na ndege za Israeli, wakafa waumini waliokuwa wamekimbilia pale wakidhani nyumba ya Bwana itaachwa. Lipo Kanisa la Familia Takatifu la Wakatoliki, ambako Papa Fransisko alikuwa akipiga simu karibu kila jioni mpaka siku zake za mwisho, na ambalo nalo lilipigwa Julai 2025, wakafa watu watatu. Ipo hospitali ya al-Ahli ya Waanglikana, iliyoanza 1882, ambayo makombora ya Israeli yaliiharibu Jumapili ya Matawi 2025. Ile asubuhi sisi tulikuwa tumeshika matawi, tukiimba Hosana.

Kwa hiyo nasema kwa upendo, lakini nasema. Video za majengo yakianguka Gaza zimepita kwenye makundi yetu ya WhatsApp na maneno "unabii unatimia, haleluya" chini yake. Haleluya ya nini, ndugu yangu? Chini ya kifusi kile kuna mtoto. Mithali 24:17 inakataza kufurahi hata adui aangukapo, na mtoto yule hajawahi kuwa adui yako. Wapo pia wanaofundisha kwamba Wapalestina wa leo ndio Wafilisti wa Goliathi. Si kweli. Wafilisti walitoweka kama taifa zamani za Wababeli. Wapalestina ni Waarabu, wengi wao Waislamu, na wamo Wakristo waliosali pale karne nyingi kabla injili haijafika kwetu.

Najua mnanukuu Amosi 1:6, "kwa makosa matatu ya Gaza, naam, kwa manne". Na kosa linalotajwa pale ni kuchukua watu mateka. Siwezi kulisoma andiko hilo bila kukumbuka tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas walipovamia Israeli, watu wapatao 1,200 waliouawa upande wa Israeli na wengine wapatao 250 waliochukuliwa mateka. Ile ilikuwa dhambi mbele za Mungu, na anayeiombea Gaza asiipunguze. Lakini Amosi hakufunga kitabu pale. Endelea kusoma mpaka Yuda katika 2:4, mpaka Israeli katika 2:6, waliouza maskini kwa jozi ya viatu. Kisha fika 9:7, Bwana anaposema aliyewatoa Israeli Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti, wenyeji wa Gaza ya wakati ule, kutoka Kaftori. Mhubiri anayesimama kwenye sura ya kwanza peke yake anawanyima watu neno la Mungu.

Mimi mwenyewe jambo hili si jepesi kwangu. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa siku ile ya 7 Oktoba, na mwili wa mmoja wao ulishikiliwa Gaza zaidi ya miaka miwili, ukarudishwa Novemba 2025 baada ya mapigano kusitishwa. Mpwa wangu naye alisoma kilimo, na safari kama ile alikuwa akiitamani. Kila niliposikia jina la Gaza nilimwona yeye, na maombi yakanikauka kinywani. Wizara ya afya ya Gaza ikawa inahesabu waliokufa kwao, elfu kumi, elfu thelathini, zaidi ya elfu sitini, na bado machozi hayakunijia. Yalinijia wiki hii, nikiwa kwenye Amosi 9, na sijui kwa nini Bwana alingoja hadi sasa.

Basi wiki hii, kila mmoja nyumbani kwake, waombeeni wazazi wa vijana wetu wale kwa upole wote mlio nao. Halafu kabla hamjasema amina, waombeeni wazazi wa Khan Younis wanaofukua kifusi wakitafuta mifupa ya watoto wao. Kama ulimi unagoma kulitamka hilo la pili, mwambie Bwana hivyohivyo kwamba unagoma, wala usiinuke magotini.